Magoti ya Duchesse

Marie-Jeanne alikuwa msusi, na msusi anayejua kazi yake hamuulizi mteja mvi zake zimetoka wapi. Kwa hiyo Patron Blaise, tajiri wa mumewe, alipomwita zizini Alhamisi mchana, akamwonyesha magoti ya farasi na kumuuliza kama zile nywele nyeupe zingeweza kufichwa, hakuuliza lolote. Alichuchumaa kwenye majani makavu, akazipapasa kwa vidole viwili, akazivuta kidogo kuona kama zimeshika.

Farasi mwenyewe aliitwa Duchesse. Alikuwa jike wa rangi ya kahawa iliyokolea, shingo ndefu, macho makubwa ya upole, na kila mgeni aliyefika kwenye zizi lile, juu ya mteremko unaotazama bandari ya Port Bell, alimtazama yeye kabla ya wengine wote. Kasoro yake ilikuwa hiyo tu: kwenye kila goti la mbele palikuwa na baka la nywele nyeupe, kama mtu aliyepiga magoti kwenye unga.

"Inawezekana, Patron," alisema Marie-Jeanne. "Lakini nitajaribu kwanza nyuma ya sikio. Ngozi ingine inakatalaka rangi."

Blaise alicheka. "Hata farasi?"

"Hata bibi-arusi, Patron. Nimeshaona mumoja alivimba uso siku ya ndoa."

Blaise alikuwa mtu wa Goma, mwenye kuvaa viatu vyeupe hata zizini, na akitaka kitu kwa mtu, humwita ndugu. Siku hiyo alimwita Marie-Jeanne dada mara mbili. Alimweleza kwamba Jumamosi kungekuwa na maonyesho yake ya kila mwaka, kwamba afande mmoja wa Naguru angekuja na familia yake kumtazama Duchesse, na kwamba farasi ni kama mchumba: siku ya kutazamwa, anatazamwa kila mahali. Alitaka pia nywele za shingoni zisukwe, na mkia. Hilo halikumshangaza Marie-Jeanne. Kila mwaka yeye ndiye aliyesuka farasi wa maonyesho, na wageni walipiga picha.

Mumewe Kakule, mtunza farasi, ndiye aliyeshika kamba muda wote huo. Alikuwa akitazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu cha kutazamwa.

Marie-Jeanne alijaribu rangi nyuma ya sikio, akangoja, ngozi ikakubali. Kisha akaichanganya ile ya wateja wake wa heshima, akaongeza ya kahawia kidogo ili isipige weusi wa kiwi ya viatu, akapaka nywele baada ya nywele kwa mswaki. Alipomaliza hata yeye hakujua baka lilianzia wapi. Alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande kama afanyavyo saluni, akajisikia vizuri. Kazi safi humfurahisha mtu, hata kama ni ya magoti ya farasi.

"Haitoki," alimwambia Blaise. "Hata kwa sabuni. Hata mvua ikinyesha."

"Ndiyo maana nakupenda, dada," alisema Blaise.

Ijumaa alasiri Marie-Jeanne alirudi kutoka Nsambya, alikokodi kiti kwenye saluni ya Rashidah, akamkuta binti yake mbele ya kioo. Waliishi katika vyumba viwili vya bati nyuma ya zizi, alivyowapa Blaise pamoja na kazi ya Kakule, na kioo kile ndicho kilichokuwa kitu kikubwa kuliko vyote ndani. Princesse, mwenye miaka kumi, alikuwa amevaa koti jeusi la kupandia farasi lenye kola ya mahameli. Mikono ilimzidi kidogo.

"Mama! Kesho niko napanda Duchesse! Patron amesema!"

Ilikuwa kweli. Blaise alikuwa amepita mwenyewe na koti mkononi. Yule afande, Ocaya, alimtaka farasi kwa ajili ya binti yake, na baba wa namna hiyo, Blaise alieleza, haamini maneno, anaamini macho. Akimwona mtoto mdogo juu ya farasi, biashara imekwisha. Marie-Jeanne alimgeuza mtoto wake kulia na kushoto. Alifurahi, tusifiche, alifurahi mpaka akakaa kitandani. Mtoto wake aliyezoea kuwafungulia lango watoto wa wenyewe, kesho angepita katikati ya uwanja watu wamesimama. Alikwisha kuamua atamsuka mistari ileile ya farasi, wafanane.

Hapo ndipo Kakule alipoingia. Aliliona koti, akasimama mlangoni.

"Vua," alisema.

"Baba, Patron amesema..."

"Vua, ukateke maji."

Mtoto alivua, akatoka analia. Marie-Jeanne alilikunja koti lile kwa uangalifu, kwa kuwa halikuwa lao, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Princesse, kuna nini?"

"Atasema tumbo linamuuma. Bénit atapanda. Bénit anajua kumushikilia." Bénit alikuwa kijana wa zizini aliyezoea farasi wote.

"Kumushikilia juu ya nini? Ule farasi ni mupole kama kondoo."

Kakule alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mwanamume asiye na maneno mengi, na hayo machache yalimtoka kwa shida.

"Zile nywele nyeupe zinaota pale kidonda kilipona. Anaangukaka. Akiteremuka, mguu unamukatalia, anapiga magoti, na ule mwenye kuwa juu anapita mbele ya kichwa. Si upole unakosa. Ni miguu. Mama yake alikuwa vile vile, na Patron alijua, akamuzalisha kwa sababu ya uzuri. Alisema watu wananunuaka sura, hawanunuake kwato."

Marie-Jeanne alivitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na weusi pembeni mwa kucha.

"Na weye ulishika kamba," alisema. "Uliniangalia naweka rangi, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Tuko nalala kwake. Tunakula kwake. Nikisema, kesho tuko barabarani."

"Mutoto wako asipande."

"Asipande."

"Na ule wa afande?"

Kakule alijikuna shingo. "Labda watamupandisha tu hapa uwanjani. Uwanja uko sawa."

"Uwanja uko juu, Baba Princesse. Lango liko chini. Farasi atatoka na mabawa?"

Nje, Princesse alikuwa akipiga teke mtungi wa plastiki, makusudi, ili wamsikie.

Jua lilipokuwa linashuka, Marie-Jeanne alikwenda kwenye banda la Duchesse na kipande cha sabuni, maji ya moto na kitambaa. Alisugua. Akaleta mafuta, akasugua tena. Duchesse alimnusa mgongoni, akasimama kimya, akamwachia miguu kama mteja aliyezoea. Povu lilibaki jeupe. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusuka, Marie-Jeanne alitamani angekuwa fundi mbaya.

Jumamosi mahema yalisimama, soda zikapoa kwenye mapipa ya barafu, na wageni waliacha magari yao langoni, wakapanda mteremko kwa miguu. Blaise aliwagawia wafanyakazi fulana za kijani, akamwomba Marie-Jeanne asipite karibu na meza za wageni isipokuwa akiitwa. Hata hivyo mama mmoja alimwagiza maji, na mwingine akamkabidhi mfuko wa takataka. Aliyapeleka maji, akautupa mfuko. Begani alikuwa na mkoba wake wa kazi wenye kitana, mafuta, nyuzi na ile mashine ndogo ya betri ambayo asubuhi alikuwa ameitumia kumpunguza Duchesse ndevu.

Farasi walipitishwa mmoja mmoja. Mwamuzi, rafiki wa Blaise aliyealikwa kutoka Nairobi, alimzunguka Duchesse, akainama, akatazama miguu, akainuka. Alimsifu kwa umbo, akamsifu kwa unadhifu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba miguu ni safi. Utepe mwekundu ukafungwa kwenye hatamu. Watu wakapiga makofi, na Blaise akaushika mkono wa mwamuzi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Afande Ocaya alikuwa mtu mrefu wa Kaskazini, aliyevaa kiraia lakini amesimama kiaskari. Binti yake Ajok hakuwa na muda na utepe wala mwamuzi. Alikuwa amekwisha kuliweka shavu lake kwenye shingo ya farasi. Mama yake, Alanyo, ndiye aliyemwendea Marie-Jeanne. Alikuwa mwanamke nadhifu, na jicho la msusi halikukosa kuona kwamba wigi lake lilivutwa mbele mno, karibu na nyusi.

"Nyabo, mama, ni wewe umesuka hii?"

"Ni mimi, madamu."

"Umesuka muzuri sana. Mimi sijui mambo ya farasi. Bwana yangu pia hajui, lakini yeye hawezi sema." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe iko na mtoto?"

"Niko naye mumoja. Musichana."

"Sasa niambie, mama kwa mama. Mtoto yako angepanda hii farasi?"

Blaise alikuwa karibu, chupa ya soda mkononi, uso umegeukia upande mwingine na sikio limegeukia huku. Marie-Jeanne aliyaona mabati ya vyumba vyao nyuma ya mahema. Mlangoni alikaa Princesse, mtoto mwenye tumbo linalouma, amenuna, anakula muwa.

"Angepanda," alisema, na macho yake yakaangukia viatu vya Alanyo.

"Asante, nyabo."

Alanyo alirudi kwa mumewe, akamtikisia kichwa cha ndiyo. Ocaya akamnyanyua Ajok, akamweka kwenye tandiko. Bénit alimzungusha uwanjani mara kadhaa, Duchesse akatembea kwa madaha, na mtoto akacheka kwa sauti kubwa. Kisha akataka kwenda mwenyewe. Akataka kushuka hadi langoni, walikoacha gari, dereva amwone.

"Hakuna shida," alisema Blaise. "Huyu ni mama wa watoto. Kakule, toa kamba."

Kakule alichukua kamba kutoka kwa Bénit. Akakishika kifundo. Kifundo alichokifungua kila siku bila kutazama, leo kilimshinda. Vidole vilikwenda huku na huku, vikarudi palepale.

"Kakule. Toa kamba, bwana."

Kamba ikatoka.

Marie-Jeanne hakukumbuka baadaye alivyopita kwenye meza za wageni. Watu walimwona mwanamke wa fulana ya kijani akija na mkoba, wakadhani anakwenda kurekebisha nywele za farasi. "Ngoja," alisema. Alipiga magoti mbele ya Duchesse, akatoa mashine, akaiwasha. Farasi alitikisa sikio moja tu. Mkono aliujua, na mlio aliujua. Nywele za kahawia zikaanza kuanguka kwenye sketi ya Marie-Jeanne, goti la kulia, halafu la kushoto, mashine ikashuka mpaka kwenye shina, pale ambapo rangi haikufika na weupe ukabaki. Alipoizima mashine, magoti yalikuwa wazi. Ngozi ilikuwa imejikunja, ya kijivu na waridi, kovu juu ya kovu.

Mwamuzi alikohoa, akatazama saa yake.

"Hii ni nini?" aliuliza Ocaya.

"Ni mchezo wa utotoni, afande," alisema Blaise, na alicheka vizuri kabisa. "Alijikuna kwenye waya. Huyu mama, mumusamehe. Vita vya kwetu vilimuharibu kichwa. Tunamusaidia tu."

Marie-Jeanne alilisikia hilo akiwa bado amepiga magoti. Lakini Ocaya hakuwa akimtazama yeye wala Blaise. Alimtazama yule aliyeshika kamba tupu.

"Wewe. Wewe ndiyo nakaa na hii farasi kila siku. Inaanguka?"

Kakule alimtazama patron wake. Akayatazama mabati. Akamtazama mkewe, na nywele zilizojaa mapajani mwake.

"Anaangukaka, afande," alisema. "Hata mama yake alikuwa anaangukaka."

"Na ulikuwa umetoa kamba."

Kakule alikaza macho kwenye kile kipande cha kamba.

Ocaya alimshusha binti yake. Ajok alilia, akamng'ang'ania Duchesse shingoni, ikabidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja kwenye mistari ya nywele. Marie-Jeanne alisimama akidhani Alanyo anakuja kumshukuru. Alanyo alikuja, ndiyo, mpaka karibu kabisa.

"Nilikuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Mama kwa mama, nilikuuliza. Wewe ulisema angepanda."

"Nilikosa, madamu."

"Ulingoja mpaka mtoto yangu iko juu."

Akamshika Ajok mkono, wakashuka mteremko kwa miguu hadi kwenye gari. Marie-Jeanne aliwasindikiza kwa macho. Maneno yale yalimchoma kuliko yale ya Blaise, kwa sababu ya Blaise yalikuwa ya uongo.

Blaise hakupiga kelele. Aliwapa mpaka jioni wawe wamehama, akaomba koti la mahameli lirudi likiwa safi. Wakabeba kioo, magodoro na sufuria, wakahamia chumba kimoja Nsambya, nyuma ya saluni ya Rashidah. Kakule alipata kibarua cha kupakua mizigo bandarini. Kila asubuhi alipita chini ya mteremko uleule, na aliporudi hakusimulia. Siku moja tu, akinawa mikono, alisema kwamba magoti ya Duchesse yameota tena, meupe, na kwamba Patron anatafuta msusi mwingine. Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa upole pia. Princesse, kwa upande wake, hakuwa amemsamehe mtu yeyote kwa habari ya koti.

Marie-Jeanne alidhani angalau mikono yake angebaki nayo. Lakini habari hutembea, hasa kati ya Wakongomani wa mji huu ambao Jumapili wote hukutana kanisani. Mteja mmoja alihamia kwa Darlène, msusi wa kiti cha pembeni. Wa pili akafuata. Mama mmoja wa heshima, ambaye mvi zake Marie-Jeanne alikuwa amezitunza miaka na miaka bila kumwambia mtu, alipita nje ya dirisha na kitambaa kichwani, akajitia hamnazo.

"Unataka nikuambie ama ninyamaze?" Rashidah alimuuliza.

"Niambie tu."

"Watu wanakuja hapa kuficha vitu, Mama Princesse. Sasa wanasikia wewe ndiye unafichua. Leo farasi, kesho mimi."

Marie-Jeanne alicheka, kisha akaenda nyuma ya pazia akalia, akarudi kupanga vitana vyake ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa.

Alanyo, aliyekuwa ameulizia mpaka akaelekezwa, alifika siku ya kazi, saa ambayo saluni haina watu. Alisimama mlangoni akiwa na miwani ya jua, akatazama viti vyote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Marie-Jeanne. Hakusalimu.

"Hiyo pazia inafunga?"

"Inafunga, madamu."

Rashidah alielewa, akamchukua Darlène wakaenda kununua chapati. Pazia lilipofungwa, Alanyo alivua miwani, akaweka vidole kwenye paji la uso, akasita. Kisha akalivua wigi, akaliweka mapajani kama mtu aliyepakata paka. Kutoka kwenye paji hadi juu ya masikio kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa. Nyuma zilibaki nywele fupi, dhaifu, zilizoruka ruka.

"Bwana yangu hajaona hii," alisema. "Mtoto yangu hajaona. Nimezunguka saluni ya mjini, kila mahali wananiambia itarudi. Wananipaka dawa, itarudi. Wananisukia ingine juu, itarudi." Alimtazama Marie-Jeanne kwenye kioo. "Wewe nilikasirika na wewe sana. Bado. Lakini wewe sema."

Marie-Jeanne aliipapasa ngozi ile kwa vidole viwili, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma. Alikuwa hajashika kichwa cha mteja siku nyingi. Dawa za kupaka zilikuwepo kwenye droo, na mteja kama huyu, akiambiwa neno zuri, angerudi kila wiki, na kila wiki kungekuwa na chakula. Aliliona neno lenyewe limekaa ulimini, jepesi, la kawaida, neno ambalo kila msusi hulisema.

"Huku nyuma zitarudi, madamu. Tukiacha kuzivuta, zitarudi," alisema. "Huku mbele, hapana. Mizizi imekufa."

Alanyo alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa wigi bila kujua ameshika nini.

"Ajok anauliza hiyo farasi kila siku," alisema hatimaye. "Kila siku. Mimi namwambia, iko mgonjwa miguu, lakini iko hai." Akavuta pumzi. "Basi nyoa. Nyoa yote. Akiuliza, nitamwonyesha."

Marie-Jeanne alifungua droo, akatoa mashine. Alikuwa ameisafisha kwa spiriti tangu siku ile, lakini katikati ya meno ulibaki unywele mmoja mnene, wa kahawia kwenye ncha, mweupe kwenye shina. Aliutoa kwa ukucha, akaupuliza.

"Inamisha kichwa kidogo, Mama Ajok," alisema.